Nimempunguzia Binti Yangu Sketi Mara Nne

Mshauri mpendwa,

Nimekuja kwako kuomba msaada, ila nakusihi usinihurumie mpaka umalize kusoma, maana ukianza kunihurumia hapa juu utakuja kujilaumu huko chini.

Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa ishirini na mbili nashona, na kazi yangu kubwa ni sare za shule, sketi za marinda, kaptura, mashati, na duka langu ni chumba kimoja kwenye safu ya maduka karibu na shule anayosoma binti yangu, mashine mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu chenye ufa ambacho wateja wanakilalamikia kila mwaka na kila mwaka naahidi kukibadilisha. Mke wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri sisi tumelala na anarudi saa tisa amechoka hoi, unga mpaka kwenye kope. Tuna mtoto mmoja tu, wa kike, tulimngoja miaka tisa ndipo tukampata, sasa ana miaka kumi na tano, na huyo ndiye ninayekuandikia habari zake, au niseme kweli, nakuandikia habari zangu mimi.

Yalianza msimu wa shule kufunguliwa, na kama hujawahi kukaa kwenye duka la sare msimu huo basi hujaona vurugu, wazazi wanapanga mstari hadi nje, kila mmoja anataka ya kwake iwe tayari tangu jana, na sisi tuna utaratibu wetu wa kazi, mimi napima kwa utepe, fundi mwenzangu anakaa mezani na daftari anaandika, na kwa sababu mashine hazizimwi napaza sauti, bega hivi, kifua hivi, kiuno hivi, utadhani mnadani, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kuona aibu, kwangu mimi ni namba tu, ya mwalimu mkuu na ya mtoto wa chekechea zote ni za kukatia kitambaa. Siku hiyo binti yangu akaja akasimama kwenye mstari kama wateja wengine, kwa sababu hapendi upendeleo, mbele yake na nyuma yake ni wenzake wa darasani, wavulana kwa wasichana, na zamu yake ilipofika nikampima, nikataja, fundi mwenzangu akasema rudia, nikarudia kwa sauti ya juu zaidi, halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza la kwangu, nikasema, "Andika mita mbili, huyu binti yangu anakula kitambaa kuliko chakula!" Duka zima likacheka. Mimi nikacheka. Na yeye pia alicheka, Mshauri, na hilo ndilo lililonidanganya.

Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Mita Mbili. Wenzake wakalichukua, wateja wakalichukua, na mimi mwenyewe, baba mtu, nilikuwa nikimwita hivyo mezani, "Mita Mbili, hebu nisogezee chumvi," na wala hakuwa mnene, nakwambia kwa ushahidi wa mtu aliyepima watoto maelfu, alikuwa tu msichana aliyeanza kuwa mkubwa, ana nyonga za marehemu mama yangu, mwili ulikuwa unafanya kazi yake.

Zamani alikuwa akitoka shule saa kumi anakuja dukani moja kwa moja, anakaa kwenye kigoda karibu na mashine yangu, mkononi chipsi za kwenye karatasi na soda, anafuta mafuta ya vidole kwenye vipande vyangu vya kitambaa, namfokea, anacheka, ananihadithia mambo ya darasani, nani kafukuzwa, nani kampenda nani, na kwangu mimi hiyo saa moja ndiyo ilikuwa starehe yangu ya siku. Baada ya ile siku hakuja tena. Nikasema ni masomo. Nyumbani ananijibu ndiyo, hapana, sijui, na mama yake akasema ni umri huo, sote tumepita huko, atajirudi. Zilikuwa wiki sita, nilizihesabu.

Katikati ya hapo shule ikaleta karatasi kwa wazazi. Muuguzi wa shule alikuwa amewauliza wanafunzi wanakula nini, akaweka majibu yao upande wa kushoto na mapendekezo ya wataalamu wa lishe upande wa kulia, na ukisoma unaona aibu, wataalamu wanasema mtoto asikose kifungua kinywa, watoto wanasema hawatii kitu mdomoni mpaka mapumziko, wataalamu wanasema nusu ya sahani iwe mboga na matunda, watoto wanasema tunda la mwisho hawakumbuki walikula lini, wataalamu wanasema maji, watoto wanasema soda, na chini kabisa wameandika punguza sukari, punguza mafuta, punguza chumvi. Mke wangu akaibandika ukutani jikoni. Mimi nikasema kwa sauti ili binti asikie, huyu wa upande wa kushoto tunaye humu ndani.

Basi akaisoma ile karatasi kuliko sisi sote. Akaacha soda, tukampongeza. Akaacha chipsi, mama yake akawasimulia wenzake kiwandani. Akaacha sukari kwenye chai, akaacha na chai yenyewe, akaacha chochote kilichopita kwenye mafuta, halafu wali, halafu mkate, mkate wa mama yake anaouleta nyumbani ungali na joto, na kila alichokiacha alikuwa na neno la kwenye karatasi la kukitetea, na sisi tunajivunia mtoto mwenye nidhamu. Halafu kuna hili, nalo nalisema kwa aibu, asubuhi mama yake hayupo, anadhani anakunywa uji na mimi, mimi nadhani atakula shuleni na wenzake, shuleni wanadhani ameshiba kwao, jioni anasema amekula kwa rafiki yake, yaani mtoto mmoja alikuwa na meza nne na hakuna hata moja aliyokalia.

Sasa ndiyo nakuja kwenye dhambi yangu. Siku moja saa kumi pazia la mlangoni likasogea, akaingia. Baada ya wiki sita, Mshauri. Akakaa kwenye kigoda chake akasema, "Baba, naomba unipunguzie sketi kiunoni, inazunguka." Nilifurahi mpaka nikaweka chini shati la mteja aliyekuwa amesimama pale ananingoja. Nikafumua, nikabana, nikapiga pasi, muda wote huo tunaongea, na alipoivaa akajigeuza mbele ya kioo akasema, "Baba, wewe ni fundi kweli." Mtoto wangu alikuwa amerudi. Unadhani ningemuuliza nini?

Baada ya wiki kadhaa akaja tena. Halafu tena. Nilijua, nisikudanganye, mkono wa fundi hauhitaji mizani, nilipomzungushia utepe mara ya tatu vidole vyangu viligusa mfupa mahali ambapo hapakuwa na mfupa, na nikanyamaza, kwa sababu nilishajifunza kwamba akija na sketi anaongea na mimi, na asipokuwa na sketi haji. Wateja wakisema, "Mita Mbili siku hizi kapendeza, amekuwa mita moja," yeye anatabasamu, na mimi natabasamu. Mara ya nne kitambaa kilichokunjwa ndani ya mshono kilikuwa kingi mno, kinamkwaruza na kinaonekana kwa nje. Kila fundi wa sare anajua sketi ya mtoto wa shule inaachiwa akiba ndani, kwa sababu watoto wanakua, mwaka unaofuata unafumua unampanulia. Mimi nilichukua mkasi nikaikata ile akiba. Sindano zilivunjika mbili siku hiyo nikasema ni uzi mbaya.

Wiki tatu zilizopita alianguka shuleni asubuhi, wakiwa wamesimama mstarini. Alilazwa siku tano, akawekewa maji ya mishipa. Daktari ni mwanamke kijana, mpole, akatukalisha akauliza kukonda huku kumeanza lini. Mke wangu akanigeukia, maana mimi ndiye ninayeshinda karibu na mtoto. Nikatazama kitandani, binti ananitazama. Nikasema, "Wiki chache tu, daktari, alipata homa." Daktari akauliza tena, "Baba, una uhakika?" Nikasema nina uhakika. Hakukuwa na homa yoyote. Binti yangu akanyoosha mkono akanishika kidole, jinsi alivyokuwa akikishika akiwa mdogo tukivuka barabara, na mama yake alipoona vile akasema, "Mungu akubariki mwenzangu, mtoto anakupenda huyu." Nilitoka nje nikajifanya nakwenda bombani kunywa maji.

Kwa hiyo daktari akaandika dawa za tumbo na vitamini, akasema huenda ni mabaki ya hiyo homa, tumlishe vizuri, turudi baada ya mwezi. Mke wangu ameomba likizo kazini, anampikia mwenyewe, anaigawa sahani jinsi ilivyochorwa kwenye ile karatasi, nusu mboga, robo wali, robo maharage, anaijaza pomoni ili afidie siku zilizopotea, na mtoto anakaa mbele ya sahani saa nzima anatenganisha punje za wali kwa uma, mmoja analia jikoni na mwingine analia mezani. Mimi niko dukani, napigiwa simu na wote wawili.

Juzi saa kumi alikuja. Nilimwona kwa mbali, anatembea anasimama, ameshika ukuta wa duka la vitabu. Sketi ilikuwa kwenye mfuko, ameshaiwekea pini mwenyewe, mara ya tano hii, akasema, "Baba, mwisho wa mwezi narudi shule, nipunguzie hapa nilipoweka pini. Usimwambie mama." Nikamwambia niachie, nina kazi nyingi. Akaniangalia, akasema, "Kama hutaki sema tu, kuna mafundi wengine." Sketi ipo hapa mezani ninapokuandikia, ni muda wa chakula cha mchana, nimeegesha mlango, na sina hamu ya kula. Nikiipunguza namsaidia kufa. Nikikataa hatakuja tena, na hakuna mtu mwingine anayeongea naye. Nikisema ukweli mke wangu atajua kwamba mtoto tuliyemngoja miaka tisa nimekuwa nikimwona anaisha mikononi mwangu huku nashona. Maji yamenifika shingoni, Mshauri. Niipunguze au nisiipunguze?

Fundi wa Sare


MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Barua yako ilinifikia jana na nimeivusha foleni. Mbele yako kulikuwa na watu kumi na saba, akiwemo bwana mmoja ambaye mkewe anakoroma. Atanisamehe, aendelee kujifunika mto kwa wiki moja zaidi. Nimekupigia simu mara nne kwa namba uliyoiacha, haikupokewa, nadhani nilishindana na mashine zako. Nimekutumia ujumbe wa maneno matatu, "Usiguse hiyo sketi," na nimemwomba mhariri akuweke kwenye gazeti la leo.

Uliniomba nisikuhurumie mpaka nimalize. Nimemaliza, nikarudia, na nimekuhurumia. Pale ulipochukua mkasi niliiweka barua chini nikaenda kuosha uso. Pole sana, baba. Sasa pole imeisha, tufanye kazi.

Acha kuniuliza habari za kupunguza sketi. Jibu lake unalijua. Ulilijua siku sindano zilipovunjika. Unaniuliza la sketi ili nisikuulize la daktari. Mtoto wako anatibiwa ugonjwa uliotungwa na baba yake pale pale kitandani. Anameza dawa za mabaki ya homa ambayo haikuwepo. Yule daktari si mjinga, alikuuliza mara mbili, alikuwa anakufungulia mlango na wewe ukaufunga kwa mkono wako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walikuwa wanamsema mtu anayeficha yake. Wewe umeficha ya mwenzio, tena mtoto.

Najua kwa nini. Wiki sita hajakusemesha, halafu anaingia na sketi mkononi anakuita baba. Hata mimi ningeshika sindano, ile mara ya kwanza. Ya pili ningejiuliza. Ya tatu, fundi, vidole vyako vilikuambia na wewe ukavinyamazisha, kwa sababu ulitaka ile saa moja ya mazungumzo kuliko ulivyotaka kujua. Hilo sitalipaka rangi.

Kuhusu ule utani. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na wako umetumbua. Ila usijipe ukubwa usio wako. Mtoto haogopi chakula miezi yote hii kwa sababu ya sentensi moja ya baba yake. Maradhi haya yana mizizi mingi, mingine huijui, na mingine hata yeye mwenyewe haijui. Ulichangia, sawa, na utaomba msamaha kwa mchango wako. Lakini majuto yako yamenenepa mpaka yamekalia kitanda cha mgonjwa, na mgonjwa amebaki amesimama. Yasogeze, alale yeye.

Nimemuuliza mtaalamu wa lishe ninayemwamini kuhusu ile karatasi. Anasema ni karatasi nzuri kwa mtoto mwenye hamu ya kula, anayehitaji kuambiwa kwamba soda zimezidi na matunda yamepungua. Haikuandikwa kwa mtoto anayekiogopa chakula, huyo ukimpa orodha ya vya kupunguza umempa silaha. Muitoe ukutani. Tena akanionya jambo ambalo nataka mkeo alisikie leo leo: mtu aliyekaa na njaa miezi mingi hajaziwi sahani pomoni kwa siku moja. Mwili uliozoea kukosa unaweza kudhurika vibaya kwa kushibishwa ghafla. Aanze na kiasi gani na aongezwe vipi, hilo anasema daktari baada ya kumpima damu, na daktari atasemaje kitu sahihi kama anaamini ni wiki chache? Mama yule anajaza sahani kwa mapenzi, na kwa sababu ya uongo wako hajui anachofanya.

Na ninyi wazazi wengine mnaosoma hapa mkitikisa kichwa kuhusu watoto wa siku hizi na chipsi zao, nanyi nina neno. Anayekula chipsi mbele yako angalau unamwona anakula, mkaripie, mwongezee na chungwa, mambo yataenda. Anayeacha kimoja kimoja huku mnampigia makofi, huyo ndiye wa kukaa naye. Na msitegeane. Kama kila mtu ndani ya nyumba anadhani mtoto amekula kwa mwenzake, ulizaneni.

Sasa fundi, sikiliza.

Leo funga duka mapema. Mkute mkeo, mtoe jikoni, mkae mahali ambapo hakuna sahani. Usianze na nisamehe, ukianza hivyo utalia na yeye ataanza kukubembeleza na ukweli utapotelea hapo. Anza na namba, wewe ni mtu wa namba. Mwambie mara nne, mara ya kwanza mwezi fulani, ya mwisho mwezi fulani, na ya tano ipo kwenye mfuko. Mwambie ulimdanganya daktari. Akikufokea, nyamaza. Akinyamaza, nyamaza pia.

Kesho asubuhi usifungue kabisa. Nendeni hospitali wote watatu, msingoje mwezi uishe. Ibebe sketi na pini zake kama alivyoziweka. Mtandazie daktari mezani, mwonyeshe alama za mishono ya zamani moja baada ya nyingine, umwambie kila moja ni ya lini. Mwonyeshe na pale ulipokata. Hakuna maelezo utakayompa yatakayomsaidia kuliko hayo, na hakuna mtu anayeweza kuyatoa isipokuwa wewe. Mwombe daktari pia amtafutie binti mtu wa kuzungumza naye, mwenye taaluma hiyo, siyo shangazi wala jirani, maana kinachomtesa hakiko tumboni peke yake. Na kama usiku huu au safarini ataanguka tena, au moyo utamwenda mbio, au atashindwa hata kumeza maji, msisubiri kesho wala foleni, tafuteni gari saa hiyo hiyo.

Kabla hamjatoka nyumbani, kaa na binti, ninyi wawili. Mwambie hivi, kwa maneno yako, lakini yasipungue haya: mwanangu, nilitangaza mwili wako mbele za watu na nikakupa jina la kukucheka, nilikosea. Nimekupunguzia sketi huku najua unaumwa, kwa sababu niliogopa kukukosa. Leo namwambia daktari kila kitu, na kwa hili sikuombi ruhusa. Basi, uishie hapo. Usimwambie amekonda, usimwambie zamani alikuwa mzuri zaidi, usimhesabie vijiko. Usiseme wateja wanamuulizia. Kama ulifundishwa kwamba baba hamwombi mtoto msamaha, aliyekufundisha hakuwa na binti aliyelala hospitali.

Pita kwa mafundi wenzako wa safu hiyo, mmoja mmoja, waambie sketi ya binti yako isiguswe, na usiwape sababu. Mteja yeyote atakayetamka tena Mita Mbili, mrudishie kitambaa chake atafute pa kushonea. Na huo utaratibu wenu wa kutangaza vipimo uishe wiki hii. Andika mwenyewe kwenye karatasi, kwa penseli, kimya kimya. Mtoto wa mwenzio naye ana masikio.

Mwisho, sitakudanganya kwamba atakukumbatia. Atasema umemsaliti, ulikuwa mtu wake na umemchongea kwa daktari, na huenda akakaa muda mrefu kuliko zile wiki sita bila kukuita baba. Mkeo naye atakutazama kama mtu aliyemjua zamani. Utarudi kwenye nyumba yenye watu wawili wasiokusemesha, uwapikie, uwafungulie mlango, uwasalimie asubuhi usijibiwe, mwezi huu na ujao. Vumilia, fundi. Lakini watakuwa bado wawili, wote hai.